Faiba Imefika Mjini. Soko Lako Je?

Mwaka 2023 Serikali Kuu ilitangaza kwamba huduma zake zaidi ya 5,000 zimeingizwa katika jukwaa la eCitizen. Kwa mkazi wa mashambani tangazo hilo lina maana moja ya kila siku: ombi la cheti cha kuzaliwa, cheti cha tabia njema, pasipoti, leseni ya kuendesha gari au usajili wa jina la biashara sasa huanzia mtandaoni. Afisi bado zipo, lakini ukifika dirishani bila ombi lililojazwa utaelekezwa kwenye saiba ya jirani. Mwenye intaneti humaliza shughuli hiyo akiwa nyumbani. Asiye nayo hulipa nauli, hulipa saiba, na mara nyingi humlipa pia mtu wa kumjazia fomu. Huduma ni ile ile, ada ya serikali ni ile ile, ila anayelipa zaidi ni yule mwenye kidogo.

Wapo wanaodhani Wi-Fi ya bure ni mambo ya vijana kutazama video. Vijana watatazama, na hakuna ubaya. Hata hivyo mama anayetafuta cheti cha mtoto kabla shule hazijafunguliwa, na kijana anayeomba mkopo wa HELB siku mbili kabla ya dirisha kufungwa, hawatazami video.

Sensa ya mwaka 2019 iliuliza kuhusu jambo hili. Miongoni mwa Wakenya wenye umri wa miaka mitatu na zaidi, asilimia 22.6 pekee ndio waliotumia intaneti. Mijini ilikuwa asilimia 42.5, mashambani asilimia 13.7. Simu zimeongezeka tangu hapo, lakini pengo kati ya mji na mashamba bado lipo. Somo la toleo hili linafuata safari ya intaneti kutoka inakoingilia nchini hadi sokoni kwako, ili ikikwama ujue imekwama wapi na ni nani wa kuulizwa.

Kutoka chini ya bahari

Kabla ya mwaka 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kwa intaneti ya kutoka nje, setilaiti zilizo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Bei ilikuwa ya juu na kasi ilikuwa ya konokono. Mwaka huo nyaya mbili za baharini zilifika Mombasa: TEAMS, iliyovutwa kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, na SEACOM. EASSy ikafuata mwaka 2010, na nyingine zimekuja baadaye. Waya wenyewe si mnene kama wengi wanavyodhani. Katika kina kirefu unakaribia unene wa mpira wa kumwagilia bustani, na ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele zinazosafirisha data kwa mwanga. Nyuzi hizo ndizo faiba.

Njia hii ni bora kuliko ile ya zamani, ila nayo ina udhaifu wake. Februari 2012 meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandari ya Mombasa iliteremsha nanga mahali palipokatazwa, ikaukata waya wa TEAMS. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika karibu wakati mmoja upande wa Afrika Kusini, na watumiaji hapa Kenya na hata kwa majirani wetu Tanzania wakaona mtandao ukizubaa. Siku kama hizo anayepiga simu kulalamika ana haki yake, ila fundi wa kaunti hana la kufanya mpaka meli ya matengenezo iuinue waya na kuuunga.

Kutoka Pwani faiba hupanda bara. Mradi wa taifa unaoitwa NOFBI ulikusudiwa kuunganisha makao makuu ya kaunti zote 47, na kampuni binafsi zina nyaya zao kando ya barabara kuu na juu ya nguzo za stima.

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Ramani ikionyesha kwamba faiba imefika kaunti fulani, maana yake imefika kwenye majengo machache mjini. Kati ya majengo hayo na soko la wadi ya mbali kuna kilomita 20, 30 au zaidi, na kipande hicho ndicho ghali kuliko vyote ukikigawa kwa vichwa. Waya wa maelfu ya kilomita chini ya bahari hulipiwa na mamilioni ya watu. Waya wa kilomita 20 kwenda kwenye kituo cha biashara chenye maduka kumi na mawili hulipiwa na maduka kumi na mawili. Kampuni inayotafuta faida hupiga hesabu hiyo na kugeuza gari.

Njia nyingine zipo. Mawimbi ya redio yanaweza kurushwa kutoka mnara hadi mnara bila kuchimba mtaro, mradi minara hiyo ionane; kilima kikiingia katikati, kazi inaharibika. Setilaiti za siku hizi zinazozunguka karibu na dunia, kama za Starlink iliyoanza huduma Kenya Julai 2023, ziko takriban kilomita 550 juu na hazichelewi kama zile za zamani. Zinafaa sana mahali ambapo waya hautafika kesho wala mtondo. Lakini sahani ya kupokelea hununuliwa, na ada ya kila mwezi hulipwa.

Sheria nayo imeliona tatizo. Kampuni zenye leseni za mawasiliano hutozwa hadi asilimia 0.5 ya mapato yao ya mwaka kwa ajili ya Hazina ya Huduma kwa Wote, inayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ili pesa hizo zipeleke mawasiliano mahali ambapo biashara peke yake haingefika.

Nani anawajibika kwa lipi

Jedwali la Nne la Katiba linaikabidhi Serikali Kuu mawasiliano ya simu, posta na utangazaji. Kwa hivyo minara, leseni na nyaya kuu si kazi ya kaunti, na mpango wa taifa wa kuweka vituo 25,000 vya Wi-Fi ya umma na vituo 1,450 vya kidijitali, yaani kimoja kwa kila wadi nchini, ni mpango wa Nairobi. Lakini jedwali hilo hilo linazipa kaunti masoko, maktaba, vyuo vya ufundi vya vijijini, zahanati na taa za barabarani. Ukitazama orodha hiyo vizuri utagundua kwamba karibu kila mahali panapofaa kuwekwa Wi-Fi ya umma ni mali ya kaunti. Serikali Kuu ina waya. Kaunti ina ukuta wa kuupigilia, paa la kuukinga na stima ya kuuwasha. Mmoja akikosa kumwita mwenzake mezani, mkazi ndiye hubaki ameshika simu isiyo na mtandao.

Kuna jambo jingine lililo mikononi mwa kaunti na ambalo halizungumzwi sana: ada ya kibali cha kuchimba kando ya barabara. Kampuni ikitozwa pesa nyingi kwa kila mita, itachimba mita chache. Kaunti ikifuta ada yote, nani atalipia barabara iliyochimbuliwa na kuachwa mashimo? Mwandishi wa makala haya anaona kwamba ada ndogo ya kulipia ukarabati inatosha, na kwamba kila barabara mpya ya kaunti ingezikiwa bomba tupu la plastiki wakati tingatinga lingali pale. Kampuni ya faiba ikija mwaka wa tatu, itapitisha waya wake bomboni bila kuivunja lami.

Kwa nini huenda polepole siku ya soko

Tuseme kituo kimoja cha sokoni kimelipiwa kasi ya megabiti 20 kwa sekunde. Saa moja asubuhi wako watu wanne, na kila mmoja anaweza kupata megabiti 5. Hata video hutiririka bila kukwama. Saa nne, siku ya soko, wako arubaini. Megabiti 20 kwa watu 40 ni nusu megabiti kwa kila mmoja. Sasa chukua faili ya megabaiti 2, kwa mfano barua ya shule iliyopigwa skani. Baiti moja ni biti nane, kwa hivyo faili hiyo ni megabiti 16, na kwa kasi ya nusu megabiti itachukua takriban sekunde 32 kufunguka. Hiyo inavumilika. Filamu ya megabaiti 700 kwa kasi hiyo hiyo ingechukua zaidi ya saa tatu, na anayeipakua anajaribu kula mgawo wa jirani zake. Ndiyo maana vituo vya umma huwekewa kikomo cha muda au cha data kwa kila mtu. Watu hukasirika wakikatwa, lakini bila kikomo mwenye simu kali angemeza kila kitu.

Umbali nao una neno. Kifaa cha kawaida cha Wi-Fi hakifiki mbali. Mita mia moja mahali pa wazi tayari ni nyingi, na mabati na kuta za mawe hupunguza zaidi. Ukiona majina mawili ya kituo kimoja kwenye simu, moja likiwa na alama ya 2.4 na jingine 5, chagua 5 ukiwa karibu na kifaa kwa sababu lina kasi, na 2.4 ukiwa mbali kwa sababu hupenya ukuta vizuri zaidi. Kutoka ndani ya kibanda cha mabati na kusimama mlangoni mara nyingi husaidia kuliko kuzima simu na kuiwasha.

Kinachoua vituo

Kuzindua kituo cha Wi-Fi ni rahisi. Utepe hukatwa, picha hupigwa, na sisi wa afisi ya habari ndio huwa tumeshika kamera. Ugumu huanza mwezi wa pili, bili inapofika.

Kifaa hununuliwa kwa pesa za maendeleo, ambazo huonekana na hushangiliwa. Ada ya kila mwezi ya intaneti hulipwa kutoka kasma ya matumizi ya kawaida, ile ya mishahara, mafuta ya magari na karatasi, ambayo daima ina wengi wanaoinyooshea mkono. Mradi ukipitishwa katika kasma ya kwanza bila kutajwa katika ya pili, kifaa kitabaki kwenye nguzo taa zake zikimetameta, na mtandao hautakuwepo. Simu itaonyesha umeunganishwa, lakini ukurasa hautafunguka.

Hili si tatizo la serikali peke yake. Julai 2020 kampuni ya Loon, iliyokuwa chini ya Alphabet, kampuni mama ya Google, ilianza kutoa intaneti nchini kwa kushirikiana na Telkom Kenya. Maputo makubwa yalielea kilomita 20 hivi juu ya ardhi na kuhudumia eneo la karibu kilomita za mraba 50,000 magharibi na katikati mwa Kenya. Teknolojia ilifanya kazi, na watu walipiga simu za video kupitia puto. Januari 2021 Alphabet ikatangaza kwamba inaifunga Loon kwa sababu gharama hazikuweza kushuka kiasi cha kuifanya biashara idumu, na mwaka huo huo huduma ikakoma hapa Kenya. Ikiwa kampuni tajiri kiasi hicho ilishindwa na gharama za kuendesha, kituo cha sokoni kisicho na mstari wake katika bajeti hakina miujiza.

Stima ni kikwazo cha pili. Sensa ile ile ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 50.4 ya nyumba nchini zilipata mwanga kutoka kwa stima ya laini, na asilimia 19.3 kutoka kwa sola. Bahati nzuri kifaa cha Wi-Fi si mlaji mkubwa. Wati 10 hadi 20 humtosha, chini ya balbu ya zamani ya wati 60, na paneli ndogo yenye betri nzuri inaweza kukiendesha hata usiku. Betri lakini huibwa, na hilo linatuleta kwa kikwazo cha tatu, ambacho kwa maoni yangu ndicho kikubwa: mtu wa kukiangalia.

Kituo kilicho juu ya mlingoti hakina mwenyewe. Kikizimika, mwenye duka la karibu anadhani wengine wameripoti. Maktaba ni tofauti. Ina paa, ina viti, ina choo, na ina mtu anayelipwa kuwepo pale. Msichana wa kidato cha nne hawezi kusimama chini ya taa ya barabarani saa mbili usiku kujaza fomu ya chuo, wala mzee mwenye miguu mibovu hatasimama pale juani, lakini wote wawili wanaweza kuketi maktabani. Tena tusisahau wenye simu za kabambe, ambazo Wi-Fi haiwasaidii hata wakikaa chini ya kifaa. Kwao kompyuta mbili za maktaba ni bora kuliko vituo kumi vya nguzoni. Wakati wanasubiri, wajue kwamba baadhi ya huduma hazihitaji intaneti kabisa: usajili wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa mfano, unaweza kufanywa kwa simu yoyote kwa kubonyeza *147#.

Ukiwa saiba au kwenye Wi-Fi ya umma

Hatari kubwa kwa wakazi wengi haitoki kwa mdukuzi wa ng'ambo. Inatokana na desturi ya kumwachia mhudumu wa saiba kila kitu. Anakufungulia akaunti ya eCitizen, anachagua nenosiri mwenyewe, anatumia baruapepe yake kwa sababu wewe huna, na kuliandika lote katika daftari lake. Mwaka unaofuata saiba imehama, na wewe huwezi kuingia katika akaunti yenye jina lako na nambari yako ya kitambulisho. Wahudumu wengi ni watu waaminifu na wametusaidia sana. Tatizo ni kwamba ufunguo wa nyumba yako umebaki mfukoni mwa mtu mwingine. Basi lipa usaidizi, lakini nenosiri liandike wewe kwa mkono wako. Nambari ya simu iwe yako, na baruapepe iwe yako, hata kama ndiyo kwanza inafunguliwa siku hiyo. Ukimaliza, toka kwenye akaunti na ufute nakala za kitambulisho zilizobaki ndani ya kompyuta. Malipo ya eCitizen kwa M-PESA huenda kwa Paybill 222222. Ukiambiwa utume ada ya serikali kwa nambari ya mtu binafsi, uliza kwa nini.

Kwenye Wi-Fi ya umma, muulize msimamizi jina kamili la kituo kabla ya kuunganisha, kwa sababu mtu yeyote anaweza kuipa simu yake jina linalofanana. Tovuti unayoingiza nenosiri iwe na anwani inayoanza na https. Msimbo wa siri unaotumwa kwa SMS haupewi mtu yeyote, hata akijitambulisha kama afisa wa kaunti. Kaunti haina haja nao. Kituo kikikudai nambari ya simu au kitambulisho kabla ya kukuruhusu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuelezwa data hiyo ni ya kazi gani, na malalamiko hupokelewa na Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Wakati wa kuuliza

Mapendekezo hupotea kwa sababu huletwa yakiwa yamechelewa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma imeweka tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Anayetaka Wi-Fi au kompyuta katika maktaba ya wadi yake aseme kabla ya Septemba. Mwezi wa Mei vikao huwa vinapunguza, haviongezi.

Na kikao kikiitishwa, maswali manne yanatosha. Ada ya kila mwezi ya kituo hiki iko katika kasma gani? Stima ikipotea kitaendelea kwa saa ngapi? Ni nani, kwa cheo, anayepokea ripoti kikizimika, na anapaswa kukirudisha kwa siku ngapi? Mkataba na kampuni unaisha lini?

Usipopata jibu kikaoni, andika. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 zinampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, kuliwasilisha hakutozwi ada, na afisi husika hupaswa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Peleka nakala mbili kwa msimamizi wa wadi, moja aiweke, ya pili igongwe muhuri na tarehe, kisha urudi nayo nyumbani.